Wimbo Uliokuwa Mkononi

Kufuli lile lilisifiwa kote kwamba hata mashine zote za duniani zikiunganishwa zikalishughulikia, jua litazeeka na kuzimika kabla kufuli halijalegea. Subilaga Mwambene alilifungua mchana kweupe, amekaa kwenye kiti kibovu cha ofisini, na chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke.

Ukuta wa kioo mbele yake uligeuka kijani. Halafu sauti ya mwanamke asiyemfahamu ikajaa chumbani. "Mimi ni binti wa Mwasomola, wa Itebwa ya Juu. Niliyemwona kwa macho yangu akifyatua risasi ni..." Subilaga aliruka akaikata sauti kwa kiganja, kama mtu anayeua mbu. Jina la muuaji hakulisikia. Lakini ukoo wa shahidi alikuwa ameusikia, na kijiji, na sauti yenyewe, na kwa watu wa kule hayo yanatosha kabisa kumtambua mtu sokoni.

Alikuwa ameapa mbele ya Baraza la Ushahidi kwamba hatafungua sanduku la sauti la shahidi yeyote, iwe kwa heri au kwa shari, na sasa amefungua. Tena hakuwa na shida ya umbeya, maskini. Aliajiriwa kuyajaribu makufuli hayo kila mwaka baada ya mvua kubwa, ayasukume, ayatikise, kisha aandike kwamba yako imara. Miaka yote alikuwa ameandika hivyo na kwenda zake nyumbani kulala usingizi mnono.

Itebwa haikuwa hadithi ya kale. Kampuni ya Mvuke ilichimba chini ya kijiji kutafuta joto la ardhini la kuwashia miji, ardhi ikapasuka, tope la moto likazimeza nyumba za bondeni na waliokuwamo. Watu waliobaki waliposimama barabarani kudai miili ya ndugu zao, walinzi wa Kampuni wakawafyatulia risasi. Na mahakama gani ingethubutu? Taa za mahakama zenyewe ziliwashwa na Kampuni. Ndipo watu wachache wenye roho ngumu wakaunda Baraza, wakasema tukusanye ushahidi sasa, damu ikiwa bado mbichi, tuufungie, siku yake itafika.

Tatizo lilikuwa kuufungia vipi. Wazee wa Itebwa hawakutaka kusikia habari ya alama za vidole, maana Kampuni ilikuwa na alama zao wote tangu siku za kugawa vitambulisho. Kukariri neno la siri refu nako kuliwashinda. Baraza likatengeneza kibuyu. Kilikuwa kibuyu kweli kwa kukitazama, chenye mbegu zinazolia ndani na mtambo mdogo kitakoni. Shahidi alikishika akakitikisa apendavyo mpaka taa yake iwake. Mtambo ulipima nafasi kati ya mtikiso mmoja na mwingine, nafasi ndogo kuliko kufumba jicho, ukazigeuza kuwa namba ndefu, na namba hiyo ndiyo ikawa ufunguo. Ufunguo ulihifadhiwa ndani ya ushanga mmoja mweusi, wa kawaida kama wa wanawake wengi wa kule, ambao shahidi aliuvaa shingoni. Baraza halikubaki na nakala ya ufunguo, ila jumla ya nafasi za wote zilizochanganywa, za kupimia ubora wa vibuyu, na halikuandika jina la mtu popote.

Na kwa kuwa jengo linachomeka, masanduku yenyewe yalinakiliwa yakagawiwa kwa kila aliyetaka, yakaenea kwenye simu za watu nchi nzima. Baraza lilitangaza kwa majivuno kwamba hata Kampuni ichukue nakala ikipenda. Kampuni ilichukua.

Kwa wiki kadhaa Subilaga alikuwa ameona kitu asichokielewa katika michoro yake. Nafasi zile za mitikiso zilipaswa kutapakaa ovyo, kama maharage yaliyomwagika sakafuni, lakini ukiziweka za mashahidi wote pamoja zilikuwa na vilima hafifu, mahali pamoja, tena na tena. Alidhani vibuyu vilikuwa na hitilafu. Kisha Jumamosi akaenda kumzika shemeji yake huko huko Itebwa ya Juu, akakaa mkekani na wanawake wenzake, na duara la waombolezaji likaanza kucheza. Kule kwao msiba unachezwa. Walikanyaga, wakapiga makofi, na Subilaga akajikuta kiganja chake kinapiga juu ya paja bila yeye kukituma. Mapigo mawili marefu, matatu ya haraka, halafu kimya kifupi cha kuvuta pumzi. Alitazama kiganja chake akaviona vile vilima. Akili yake ikakataa, mkono ukaendelea kupiga.

Siku ya kutoa ushahidi alikuwepo, karani mdogo kabisa. Waliofiwa walikuja kwa makundi kanisani, na waliofiwa wa kule hawakai pamoja bila kuimba. Makarani waliguswa, wengine wakalia nao. Nani angewaambia wafiwa wanyamaze? Basi mama wa watu anaitwa katikati ya wimbo, kila mfiwa akiitwa ili asijulikane nani ni shahidi, anapewa kitu kinachofanana na kayamba, anaambiwa tikisa. Akatikisa alivyotikisa siku zote. Watu wa Baraza, wasomi wa hesabu waliozaliwa milima ile ile na kuchezea misiba ile ile, walisimama pale wakasikiliza, na masikioni mwao ilikuwa ni mitikiso tu.

Kwa hiyo mashine haikuwa na haja ya kujaribu namba zote za dunia. Ilihitaji kuujua wimbo, halafu kujaribu namba zilizo jirani na wimbo: huyu mkono wake ni mzito, yule ana haraka, huyu aliteleza hapa kwa sababu alikuwa analia. Ndiyo maana chai haikupoa.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Ambakisye, alikuwa mtu mpole aliyewahi kufundisha hesabu hadi ualimu ukamchosha. Alimsikiliza Subilaga bila kumkatiza, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Alipouliza nani mwingine anajua na kujibiwa hakuna, alishusha pumzi. Ilionekana wazi ameanza kufikiria habari ya kunyamaza.

Subilaga alikuwa ameshalipitia jambo lile njia zote kabla hajaingia mle. Masanduku hayarudishwi, yameshatapakaa, na kubadilisha kufuli la nakala iliyo mikononi mwa adui hakuwezekani. Lililobaki ni kuwaonya mashahidi wakimbie. Lakini Baraza halikujua mashahidi ni akina nani, na hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Ili kuwaonya mmoja mmoja kimyakimya ingebidi kuyafungua masanduku yote na kusikiliza majina, yaani Baraza lenyewe lifanye ile kazi ambayo Kampuni ilikuwa inaiota. Ukitangaza redioni, unamfundisha kila mwenye nia mbaya namna ya kufungua. Na ukinyamaza, unawaacha watu wamelala ndani ya nyumba ambayo unajua mlango wake haufungiki.

Mzee Ambakisye alichagua kunyamaza. Alieleza kwa upole kwamba wataalamu wa Kampuni ni wageni, hawajawahi kucheza msiba, watatazama vilima vile miaka mia na wasione kitu. Subilaga akamkumbusha kwamba walinzi wa Kampuni si wageni. Ni watoto wa mle mle, wamezikwa baba zao kwa wimbo ule ule.

"Walinzi hawajui hesabu," alisema mzee.

"Na sisi tunaoijua, Mzee, tulisikia nini?"

Mzee alimwomba asilale na jambo lile kichwani, amwachie yeye, naye Subilaga akatoka akiwa na hasira zaidi kuliko alivyoingia. Alikasirika kwa sababu alitamani mzee yule awe amesema kweli.

*

Shahidi mmoja tu ndiye aliyemjua, na alimjua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka. Mama yake mdogo, Tumpe, alikuwa amekataa katakata kwenda kanisani siku ile. Subilaga alimbembeleza hadi akakubali, akamshika mkono njia nzima, akamwambia kufuli hili mama, hata Mungu akitaka kulifungua atabisha hodi. Wakacheka wote wawili, pamoja na msiba uliokuwa unawachoma. Mtoto wa pekee wa Tumpe, Lwitiko, aliuawa barabarani. Aliyempiga risasi anaitwa Gwamaka, na Gwamaka hakuwa mgeni wa kutoka mbali. Nyumba yake iko chini kidogo ya nyumba ya Tumpe, wanagawana uzio wa migomba, na kila asubuhi anapopita kwenda lindoni humwamkia shikamoo mama, naye Tumpe huitikia marahaba. Gwamaka hajui kwamba alionekana.

Siku Subilaga alipofika, mvua ilikuwa imekatika na mabomba ya mvuke ya Kampuni yalikuwa yanafuka kilimani. Alimkuta mama yake mdogo anamenya ndizi. Kabla hajafungua mdomo akasikia makofi na vigelegele kutoka uwanja wa shule, akauliza kuna nini.

Tumpe akaeleza bila uzito wowote. Kampuni imeleta tamasha la kuhifadhi utamaduni. Vijana wenye vinasa sauti wanazunguka kijiji hadi kijiji, wanawaomba wanawake waimbe nyimbo za msiba jinsi zinavyoimbwa kila bonde, na kila anayeimba anapewa khanga mpya. Juzi walikuwa Itebwa ya Chini, leo wako Itebwa ya Juu. Yeye hakwenda, khanga za wale watu hazitaki mwilini mwake, lakini jirani zake wote wamekwenda.

Subilaga alikaa chini pale pale kwenye majivu. Aliona kwamba wameshajua, wanakusanya nyimbo kama mtu anayekusanya funguo, na kwamba kule ofisini Mbeya mzee mmoja mpole anafuta miwani yake akingoja jambo lipite. Hakuona maana nyingine ya khanga zile.

Basi akasema yote. Aliyasema vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, mara namba, mara vilima. Tumpe aliendelea kumenya hadi ndizi zikaisha. Kisha akaushika ule ushanga mweusi shingoni, akauzungusha katikati ya vidole.

"Yaani wimbo wa Lwitiko ndio umenifichua?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Ulitaka nitikise vipi, Subi? Mliniita nikiwa namlilia mwanangu, mkanipa kayamba. Mkono wangu haujui kutikisa kwa namna nyingine."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Subilaga. Angetukanwa angeona nafuu. Alimsihi wafunge virago waondoke wote wawili, siku hiyo hiyo, waende popote. Tumpe akamwuliza, kwa sauti ya kumfundisha mtoto, hivi mtu akionekana anafunga virago sasa hivi, Gwamaka aliyekaa pale chini na mlango wazi ataelewa nini? Kijiji kizima kitaelewa nini?

Subilaga hakuwa amelifikiria hilo. Hesabu zake zote, na hilo halikuwamo.

*

Pamoja na hayo alikwenda redioni. Mtu anaweza kumlaumu, na wengi walimlaumu, lakini kukaa kimya huku nyimbo zinakusanywa kulimshinda. Kituo cha Baraza kilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Alisema jina lake kamili. Alisema makufuli ya vibuyu hayafai tena, wimbo wa msiba umeonekana ndani yake, na kila aliyevaa ushanga mweusi ajihadhari kwa namna anayoijua. Aliomba radhi.

Mzee Ambakisye alimkuta bado amekaa mle ndani. Hakugomba. Alikuwa amepiga simu kwa mtu anayemwamini ndani ya Kampuni, akauliza habari za tamasha, akajibiwa kwamba lilikuwa limepangwa tangu mwaka juzi na ofisi ya matangazo, watu wa khanga na picha za kalenda, wasiojua hata masanduku ni kitu gani.

"Huenda lilikuwa tamasha tu, binti yangu," alisema. "Nyimbo walikuwa nazo. Walichokosa ni kuambiwa za nini."

"Au walikuwa wanajua, na huyo rafiki yako anadanganya."

"Au walikuwa wanajua," alikubali mzee, na akazima taa ya kipaza sauti iliyokuwa bado inawaka.

Subilaga hakuwahi kujua ukweli wa jambo lile, wala hakuna aliyekuja kumwambia. Alichojua ni kwamba Itebwa hakuondoka mtu. Aliporudi kwa mama yake mdogo alikuta kijiji kimetulia kupita kiasi. Kila mtu alikuwa barazani kwake akiangalia milango ya wenzake. Wanawake waliokuwa na safari za kawaida, za kwenda kumwona mgonjwa au kumpokea mjukuu, waliziahirisha wasije wakadhaniwa. Shanga nyeusi hazikuonekana shingoni mwa mtu. Hata wasio mashahidi walivua shanga zao, za rangi yoyote, wakazitupa chooni.

Tumpe peke yake alibaki na wake.

Siku ya gulio wakaenda kuuza ndizi, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Mvua ilitishia ila haikunyesha. Karibu na adhuhuri gari la Kampuni lenye spika juu liliingia taratibu, likapita kati ya wauza parachichi na wauza vitambaa, likasimama palipo na watu wengi. Kwanza lilipiga muziki. Watu wakajifanya hawalisikii. Muziki ukakatika, na wenye masikio wakasikia mlio wa mbegu ndani ya kibuyu. Mapigo mawili marefu, matatu ya haraka, kimya. Ule ule mtikiso wa siku ile kanisani, wameutengeneza upya kutoka kwenye ufunguo ili kila mtu ajue wameupataje.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke aliyekuwa kijana zaidi, imekwaruza kwa kilio.

"Mimi ni Tumpe, mama wa Lwitiko. Mwanangu alikuwa ameinua mikono. Gwamaka alimwona ameinua mikono. Walicheza mpira pamoja hawa, alimjua, na alimpiga hivyo hivyo..."

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliinama wakawa wanapanga mafungu yao ya nyanya yaliyokwisha kupangwa. Muuza chumvi wa kulia akahamisha gunia lake. Wa kushoto akachukua mtoto wake akasogea. Waliofahamiana na Tumpe tangu utoto, waliocheza naye msiba wa Lwitiko hadi miguu ikavimba, walirudi nyuma bila kugeuka, na uwazi ukabaki kuzunguka fungu la ndizi na wanawake wawili. Gwamaka alikuwa amesimama penye bucha, na sare yake, na nyama aliyokwisha kuifunga kwenye jani. Uso wake ulikuwa umepauka. Kwa muda Subilaga alimwona kama mtu anayetaka kulia, halafu hakumwona tena hivyo, kwa sababu alitua nyama yake juu ya meza ya bucha akaanza kuja.

Subilaga alimshika mama yake mdogo mkono, akamwambia twende, mama, twende sasa hivi. Tumpe hakuinuka. Alikuwa ameelekeza sikio kwenye spika. Miaka yote ile hakuna hakimu aliyewahi kusikiliza maneno yale, wala wakili, wala yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikia tangu ayatoe.

"Nyamaza kwanza, Subi," alisema. "Nasikiliza. Bado sijamaliza kusema."

Spika iliendelea kutaja nguo aliyovaa Lwitiko, na mahali alipoangukia, na jinsi alivyoita. Gwamaka alikuwa ameshaingia kwenye ule uwazi. Subilaga alisimama mbele ya mama yake mdogo kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na alipotupa jicho nyuma aliuona ule mkono wa Tumpe, umelala juu ya paja, unapiga mapigo yale yale.